Ngumbaru wa Rufiji

Leo nina neno moja ambalo hapa mjini limebaki kuwa la mzaha. Neno lenyewe ni ngumbaru. Mtoto akikosea hesabu, mwenzake humwambia akasome na ngumbaru. Kondakta wa daladala akisita kurudisha chenji, abiria wa kiti cha nyuma humwita ngumbaru, na gari zima hucheka. Ni wachache kati ya wanaocheka wanaokumbuka kwamba mwaka 1975 ngumbaru walioandikishwa katika nchi hii walikuwa zaidi ya milioni tano, na kwamba huenda bibi yake huyo anayecheka alikuwa mmoja wao.

Jina la heshima lilikuwa Kisomo cha Watu Wazima, na baadaye Kisomo chenye Manufaa. Historia ya kisomo hicho imekwisha kuandikwa mara nyingi, lakini kwa kawaida huandikwa kutoka Dar es Salaam au kutoka Mwanza, ambako mradi wa majaribio wa Umoja wa Mataifa ulianzia mwaka 1968 katika mikoa inayozunguka Ziwa. Mimi nataka tuitazame kutoka Rufiji, pale mto unapojigawa kabla ya kuingia baharini, na kutoka Kibiti, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya wilaya hiyo hiyo ya Rufiji. Kazi hii ya redio imenipeleka huko mara kadhaa, na kila nikikaa na wazee huwa natoka na maswali kuliko majibu.

Swali la kwanza ni hili: nani hasa alikuwa hajui kusoma?

Serikali ilipoanza kampeni, hesabu iliyotolewa ni kwamba watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma wala kuandika. Sina ugomvi na hesabu hiyo kwa nchi nzima. Lakini pwani ina jambo lake. Katika vijiji vya Rufiji na delta, chuo cha Kurani kilikuwako kabla ya shule ya Mjerumani na kabla ya shule ya Mwingereza. Mtoto alikaa mbele ya mwalimu wake na ubao, akaanza na alifu, na wengine walifika mbali hadi wakaweza kuandika Kiswahili chao kwa herufi za Kiarabu: barua za posa, wosia, madeni, hesabu za boriti. Biashara ya boriti za mikoko ilikuwa kubwa. Majahazi yalikuja kutoka Arabuni na Ghuba kwa pepo za kaskazi, yakapakia boriti, mapau na fito, yakaondoka na kusi. Boriti zilihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, na biashara ya namna hiyo, yenye mali ya mkopo na wenye mali walio mbali, haiendi mbele bila mtu wa kuandika.

Wajerumani wenyewe walilijua hilo. Katika miaka yao ya mwanzo waliandikiana na majumbe na maliwali wa pwani kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kwa sababu hayo ndiyo maandishi waliyoyakuta. Walipoanzisha shule zao za serikali, ya kwanza ikiwa Tanga katika miaka ya 1890, waligeukia herufi za Kizungu, na makarani na maakida waliotoka katika shule hizo ndio waliokuja kushika kalamu ya serikali. Tangu hapo mzee aliyesoma chuoni akawa na herufi ambazo ofisi haizitaki. Waingereza hawakubadili kitu. Na kampeni ya miaka ya 1970, pamoja na wema wake wote, ilikuja na a, e, i, o, u.

Mzee mmoja wa upande wa delta alinieleza hivi, naye akicheka: "Mwanangu, mimi nilikuwa nawasomea watu khitma na kuwaandikia wasia. Mwalimu kijana akaniuliza, mzee unajua kusoma? Nikamwambia najua. Akanipa karatasi yake. Sikuijua hata moja. Akaandika: hajui." Nilimuuliza kama aliona uchungu. Alisema uchungu hakuuona, alijiandikisha, na kwa kuwa mkono wake ulikuwa umekwisha kuzoea kalamu, aliwapita wenziwe wote darasani, ila tu kwamba miezi ya kwanza mkono ulikuwa unaanzia kulia.

Nasema haya si kwa kuibeza kampeni. Nasema kwa sababu ukisoma takwimu za kale unaweza kudhani kwamba mwaka 1970 ulikuta Rufiji gizani. Haikuwa hivyo. Na kuna elimu nyingine ambayo haina herufi kabisa. Mwaka 1905, habari za Kinjekitile wa Ngarambe, ambayo ni Rufiji hiyo hiyo, zilitembea kwa mnong'ono kutoka kijiji hadi kijiji hadi nusu ya kusini ya nchi ikasimama, na Mjerumani mwenye makarani na simu ya waya akachelewa kujua.

Tukirudi kwenye kampeni, chanzo chake ni cha mapema. Mwaka 1964, akiufungua Mpango wa kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano, Mwalimu Nyerere alilieleza Bunge kwamba watu wazima ndio wa kuelimishwa kwanza, kwa sababu watoto wangechukua miaka mitano, kumi au hata ishirini kabla elimu yao haijaonekana katika uchumi. Hoja hiyo ilikuwa ya hesabu tu, haina huruma wala mapambo. Kisha, usiku wa kuamkia mwaka 1970, alitangaza kwa redio kwamba mwaka unaoingia utakuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wilaya sita zikachaguliwa zifute ujinga wa kutojua kusoma hadi mwisho wa mwaka 1971, na mojawapo ilikuwa Mafia. Mtu wa delta akisimama Nyamisati au Mbwera, Mafia iko mbele yake baharini. Ana shangazi huko, ana wakwe huko. Kwa hiyo habari za kisomo ziliwafikia watu wa delta kwa jahazi kabla hazijafika kwa barua ya mkurugenzi. Mwezi Septemba 1971 mkutano mkuu wa TANU ukaamua kwamba sasa ni nchi nzima, na kikomo kikawa mwisho wa mwaka 1975.

Walimu walitoka wapi? Hapa ndipo ninapowavulia kofia watu wa zama zile. Walimu wa shule za msingi walifundisha watoto asubuhi na wazee jioni. Waliomaliza darasa la saba wakafundisha wazazi wao. Makarani, mabwana shamba, masheikh na makatekista walihimizwa kushika chaki. Mwalimu wa kujitolea aliahidiwa ahsante ya shilingi 30 kwa mwezi. Ahsante hiyo haikuwa mshahara, na mara nyingi ilichelewa. Kwa upande wa Kibiti ilikuwa na safari yake, kwa sababu makao makuu ya wilaya yalikuwa Utete, ng'ambo ya kusini ya mto, na daraja halikuwako. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo ilikuwa pantoni la Ndundu, na mto ukifurika, pantoni lilikaa kimya na kila kitu kilisubiri, hata vitabu na chaki.

Sasa nifike mahali ambapo historia ya Rufiji inakuwa ngumu kuliko ya mahali pengine.

Mwaka 1968 mto ulifurika vibaya. Warufiji si wageni wa mafuriko. Kilimo chao chote kimejengwa juu yake. Maji yanapanda wakati wa masika, yanalala bondeni, yanaacha udongo mweusi, na yakishuka watu wanapanda tena juu ya unyevu huo. Kilimo hicho cha pili wanakiita mlau. Mpunga, mahindi na pamba vilitoka hapo. Mtu alijenga dungu, kibanda juu ya nguzo ndefu, akaishi humo na watoto wake akilinda shamba dhidi ya nguruwe, nyani na ndege, maji yakipita chini ya miguu yake. Lakini mafuriko ya 1968 yalizidi, chakula cha msaada kikaletwa, na Serikali ikaamua kwamba watu watoke bondeni wakae katika vijiji vipya vilivyopangwa kwenye nchi ya juu kaskazini ya mto. Hiyo ndiyo Operesheni Rufiji ya mwaka 1968 na 1969. Ilitangulia kwa miaka kadhaa operesheni za vijiji zilizokuja kufanyika nchi nzima kati ya 1973 na 1976. Vijiji kama Mkongo na Ngorongo vilikua kwa njia hiyo.

Katika kijiji kipya mtu alipata shule, zahanati kama bahati ilikuwapo, kisima, na jioni alipata darasa la kisomo lililo hatua mia kutoka mlangoni kwake. Shamba lake lilibaki bondeni, saa nyingi za kutembea. Kwa hiyo kitu kile kile kilichomleta mama wa Kirufiji karibu na ubao ndicho kilichomweka mbali na mpunga wake. Wataalamu waliofanya uchunguzi bondeni humo katika miaka ya 1970 walikwisha kuandika jinsi kilimo kilivyoyumba watu walipohamishwa, wanyama wakawa ndio wenye mashamba. Wengi walirudi bondeni msimu wa kilimo wakaishi madunguni, kijijini wakabaki wazee sana na watoto. Mwaka 1974 mto ukafurika tena, mafuriko makubwa, na safari hiyo wengi walikuwa juu salama. Upande huo nao usisahauliwe.

Ukimuuliza ofisa wa zamani kwa nini mahudhurio yalipungua, atakujibu kwamba wananchi walikosa mwamko. Neno hilo, mwamko, limefanya kazi kubwa sana katika taarifa za nchi hii. Ukimuuliza mama aliyekuwa mwanafunzi, atakuuliza nawe: nguruwe nimwachie nani? Mitihani ya kwanza ya taifa ilifanyika Agosti 1975, na mwezi wa Agosti bondeni ni mwezi wa mlau.

Delta nayo ina saa yake. Huko hakuna anayeishi kwa saa ya ukutani. Maisha yanafuata maji: bamvua, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana, na maji mafu, ambapo bahari hulegea. Wakata boriti huingia katika vijito bamvua likiwapo, ili mtumbwi ufike ndani msituni na utoke na mzigo. Wavuvi wa kamba wana siku zao, na wanawake wanaookota kaa wana za kwao. Ratiba ya kisomo iliandikwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi jioni, kana kwamba bahari nayo ina wiki. Wapo walimu walioelewa. Nilisimuliwa habari za mwalimu mmoja, mzaliwa wa huko huko, aliyeitupa ratiba na kufundisha siku za maji mafu tu, kila siku kwa mfululizo, kisha akafunga darasa bamvua lilipoingia. Mkaguzi alipokuja alikuta mlango umefungwa, akaandika taarifa mbaya. Wanafunzi wa mwalimu huyo, kwa maneno ya wenyewe, ndio waliofaulu.

Kitu cha tatu ambacho lazima nikitaje, na hapa mtanisamehe kwa kuwa ni kazi yangu, ni redio. Kisomo hakikuwa ubao peke yake. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo mizizi yake ni tawi la Chuo Kikuu cha Makerere lililofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1960 na ambayo mwaka 1975 ilipewa sheria yake yenyewe, ilishirikiana na Radio Tanzania kuendesha vikundi vya kusikiliza. Mwaka 1969 palikuwa na Kupanga ni Kuchagua, mwaka 1970 Uchaguzi ni Wako, mwaka 1971 Wakati wa Furaha. Kisha mwaka 1973 ikaja Mtu ni Afya, na hiyo ilivunja rekodi: watu wapatao milioni mbili, katika vikundi vipatavyo 75,000, walikaa kila wiki kwa wiki kumi na mbili wakazunguka redio moja na kijitabu kimoja. Mmoja aliyejua kusoma alisoma, wengine wakajadili, kisha wakatoka kwenda kufanya: kufyeka, kufukia madimbwi, kuchimba vyoo. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai.

Mtindo huo una akili ambayo sisi watangazaji wa leo tumeipoteza. Kipindi hakikuishia pale sauti ilipokatika, kilianzia pale. Sisi leo tunauliza watu wangapi wanatusikiliza. Wao waliuliza vyoo vingapi vimechimbwa. Na mzee asiyejua herufi hata moja alikuwa mjumbe kamili wa kikundi, akasema, akapinga, akapiga kura wapi kisima kifukuliwe.

Hata hivyo redio ya taifa husema na taifa. Kijitabu kiliagiza choo cha shimo refu. Katika sehemu nyingi za delta, ukichimba kimo cha mtoto tu, maji ya chumvi yanakusalimu. Bibi mmoja alinisimulia kwa kicheko jinsi walivyochimba kwa nidhamu, wakamaliza, wakaita kamati ikaja kutazama, na bamvua lilipoingia usiku choo kikawa kisima. Wakajadiliana katika kikundi, wakajenga juu zaidi, kwenye tuta. "Redio haikutuambia hilo," alisema, "lakini redio ndiyo iliyotukalisha."

Wanawake walikuwa wengi darasani kuliko wanaume, Rufiji na karibu kila mahali nchini. Wanaume wengi waliona haya kukaa mbele ya kijana aliyetahiriwa juzi akawaambia wamekosea. Wanawake hawakuwa na cheo cha kupoteza, au labda walikuwa na sababu zaidi ya kutaka. Barua ya mume aliyekwenda Dar es Salaam kutafuta kazi ilisomwa na mtu mwingine, na mtu huyo akajua siri zote za nyumba. Nadhani hakuna mwongozo wowote wa wizara ulioandika shabaha hiyo. Vitabu vya kisomo vilihusu pamba, mpunga, uvuvi, ufugaji, lishe, siasa. Ndiyo maana ya kisomo chenye manufaa, kwamba unajifunza herufi na kilimo bora kwa pamoja. Jambo jema. Lakini kila mwanamke niliyezungumza naye ambaye alipita katika madarasa yale, nikimuuliza alikwenda kwa nini, hajanitajia pamba. Alitaka kusoma barua mwenyewe, na kutia sahihi badala ya dole gumba.

Hatua zilikuwa nne. Wa kwanza kabisa alikuwa amehudhuria tu au anatambua alama chache. Wa nne alitakiwa aweze kusoma gazeti, kuandika ujumbe unaoeleweka na kuweka hesabu ndogo za mapato na matumizi. Matokeo ya taifa yalishuka kama maji ya kupwa: wasiojua kusoma walikuwa asilimia 39 mwaka 1975, 27 mwaka 1977, 21 mwaka 1981, 15 mwaka 1983, na mwaka 1986 wakawa kama asilimia 10. Dunia ilitutazama. Mwezi Juni 1976 wataalamu wa elimu ya watu wazima kutoka pande zote walikutana Dar es Salaam, na Mwalimu akawahutubia. Ukitaka kusema kweli, hakuna kitu kingine cha umma ambacho nchi hii imewahi kukifanya kwa upana ule, kwa fedha kidogo kiasi kile, na kwa watu wengi wa kujitolea kiasi kile.

Kisha maji yakarudi. Sababu zake tunazijua. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta, uhaba wa fedha za kigeni, karatasi za kuchapia zikaadimika. Magazeti ya vijijini, kama lile la Mwanza lililoitwa Elimu Haina Mwisho, yalikuwa yameanzishwa ili aliyejua kusoma asisahau. Na maktaba za vijiji zilikuwa kwa shabaha hiyo hiyo. Magazeti yalipokoma kufika, mtu wa hatua ya tatu aliteremka hadi ya pili, na wa pili akarudi alikotoka. Elimu ya msingi kwa wote, iliyoamuliwa Musoma Novemba 1974, iliwabana walimu wale wale waliokuwa wanafundisha wazee jioni. Baada ya 1986 tukaingia katika masharti ya wakopeshaji, na ahsante ya mwalimu wa kujitolea haikuwa na mtetezi. Katika miaka ya 1990 kulikuja mpango mpya wa kuwianisha elimu ya watu wazima na jamii, uliofupishwa MUKEJA, ambao ulianza kwa majaribio katika vijiji vichache mwaka 1993 ukaenezwa mwishoni mwa muongo ule. Ulikuwa na wazo zuri, wanakisomo wenyewe kuchagua la kujifunza. Haukuwa tena na nguvu za 1975. Sensa ya 2002 ilikuta wanaojua kusoma na kuandika wenye umri wa miaka 15 na zaidi ni kama asilimia 69. Sensa huuliza na mtihani hupima, kwa hiyo tarakimu hizo si za kuwekwa sahani moja, lakini tofauti ni kubwa mno kuelezwa kwa namna ya kuhesabu peke yake.

Kwa Rufiji kilichobaki cha kushikika ni Chuo cha Maendeleo ya Wananchi cha Ikwiriri. Vyuo hivi vilianza mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden na kwa mfano wa vyuo vya wananchi vya huko, vikiwa mahali ambapo mtu mzima aliyekwisha kupata kisomo angekwenda kuongeza ufundi. Ni vyema kuwa navyo. Ila ukipita leo utakuta vijana, na ni haki yao, wana njaa ya ufundi. Mzee wa miaka 60 hana benchi hapo.

Mtu atauliza, mzee wa miaka 60 anataka benchi la nini?

Nitajibu kwa mambo yaliyotokea. Mwaka 1997 Serikali iliridhia mradi mkubwa wa kampuni moja wa kufuga kamba katika delta ya Rufiji, mradi ambao ungechukua maelfu ya hekta katika msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko katika mwambao huu wa Afrika Mashariki. Wanavijiji waligawanyika, wako waliotaka ajira, wako waliosema mazalio ya kamba yatakufa. Waliopinga walikwenda mahakamani, waandishi wa habari za mazingira wakawaunga mkono, na mwisho mradi haukujengwa. Sasa fikiria wazee wa delta katika mikutano ile. Mahali pa msinzi na mkandaa, wapi kamba huzalia, mkondo upi umehama tangu lini, hayo yote waliyajua wao kuliko mtaalamu yeyote. Lakini makaratasi ya miradi mikubwa katika nchi hii huandikwa Kiingereza, na muhtasari wa kijiji huandikwa Kiswahili na kuwekewa sahihi. Aliyejua kusoma aliuliza, "Hapa mmeandika tumekubali nini?" Asiyejua aliweka dole.

Halafu ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na hatimiliki zake za kimila. Likaja bwawa la Mwalimu Nyerere huko juu ya mto, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2019 na ambalo lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Aprili 2024 Rufiji na Kibiti zilifunikwa na mafuriko, mashamba na nyumba vikaondoka, na watu wakaorodheshwa kwa ajili ya misaada. Kila moja ya mambo haya ni karatasi. Orodha ni karatasi. Jina limeandikwa au halikuandikwa, na kama limekosewa, ni nani aonaye?

Na karatasi ya leo iko ndani ya simu. Mzee wa Kibiti anatumiwa fedha na mwanawe aliye Mbagala. Ujumbe unaingia. Anamwita mjukuu, mjukuu anasoma, mjukuu anaijua namba ya siri, na kwa maelezo ya bibi mmoja niliyemkuta sokoni, mjukuu wake "husoma pungufu". Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Ni barua ile ile ya mume wa Dar es Salaam, imerudi kwa umbo jingine, na safari hii ndani yake mna fedha.

Bibi huyo alipata hatua ya tatu mwaka 1977. Herufi bado anazikumbuka kwenye karatasi. Kwenye kioo cha simu, anasema, zinakimbia na ni ndogo. Nilipomwambia kwamba Kibiti sasa ni wilaya yake yenyewe, imegawanywa kutoka Rufiji katikati ya miaka ya 2010, na ina ofisi ya elimu anayoweza kuiendea kwa miguu bila pantoni, aliniuliza maswali mawili. La kwanza, kama darasa litakuwako, atafundisha nani, kwa sababu hataki kufundishwa na mjukuu. La pili, litakuwa saa ngapi. Mvua za masika zilikuwa karibu, na yeye bado ana shamba bondeni.